Mawese ya Matanga

Tulimwacha Placide chini ya jipu, amelala chali kwenye tope, na bastola ya Komanda Norbert imeelekezwa magotini kwake, maana kichwa chake kilikuwa ndani ya kivuli cha gari hakionekani. Bado yuko hapo hapo. Twende tukamtazame.

"Fungua!"

"Minafungua, komanda."

"Fungua tuone bintu unatiaka mule ndani!"

Anastasie, mke wa Placide, alisimama kando ya barabara na kapu la muhogo kichwani. Hakukumbuka kulishusha. Alikuwa amepanda Fizi kumwona mama mkwe wake aliyeugua kifua, na mume wake akamwombea nafasi ya nyuma katika jipu ili arudi Baraka. Asubuhi ile, kabla ya kupanda, Komanda mwenyewe alimfungulia mlango.

"Karibu, mama mukwe," alimwambia, akicheka kwa meno bila macho. "Solange anarudia lini? Swima kwa shangazi yake kuko nini isiyoishaka?"

"Anarudia karibu, komanda."

"Na vile viatu nilimupa?"

"Havitoke mu miguu. Ameenda navyo."

Hivyo ndivyo walivyoondoka. Wasomaji mnaofuata mnajua kwamba Solange, mwalimu wa watoto wadogo, binti pekee wa nyumba ile, hayuko Swima wala kwa shangazi. Alivushwa ziwa katika mtumbwi wa moteri wa mzee Yunusu, akaenda ng'ambo, ili asiwe mke wa Komanda kwa nguvu. Komanda hajui. Na siku akijua, mzee Yunusu atalala kaburini kabla jua halijachwa.

Hawakwenda mbali. Kona ya kwanza chini ya Fizi-Centre, jipu likaanza kulia ile sauti yake, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba asiyotaka. Kisha magurudumu ya nyuma yakakwama, gari likaburuzika kidogo, likasimama katikati ya barabara.

Kwenye kona ile ile! Mara ya kwanza lilikufa hapo hapo, na watu wa mlimani wakawakuta askari wamesimama wazi, wakawamiminia risasi. Mdogo wake Komanda alizikwa pale juu, kwenye majani, na kofia yake imetundikwa kwenye mti wa kaburi. Kila mtu aliiona kofia ile alipotelemka garini.

Na ugonjwa wa jipu lile ulikuwa mmoja tu. Baraka, kando ya ziwa, kwenye joto, lilikimbia kama jipya. Lilipanda Fizi bila kulalamika. Lakini likilala Fizi kwenye baridi, asubuhi likishuka, linalia, linakwama. Placide anafungua ile nundu ya chuma iliyo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambayo mafundi wa kwetu wanaiita pon, anabadilisha rulema, yaani beringi, anasugua meno ya pinyo, gia za ndani, anafunga, gari linapona. Safari nyingine ya Fizi, ni yale yale.

Komanda hakuwa fundi, lakini alijua kufikiri kama askari. Gari halichagui kona ya kufia. Kuna mtu anayelichagulia.

"Imeachia," alisema Placide kutoka chini.

Bushoni, kizibo cha pon, ilianguka kwenye tope. Askari waliinama wote. Walitegemea mafuta meusi yatiririke. Hakuna kilichotiririka. Kwenye tundu kulichungulia kitu kizito, chekundu, kilichoganda kama shahamu ya ng'ombe kwenye sufuria ya jana. Placide alikichokoa kwa bisibisi. Kikadondoka, pwaa, karibu na sikio lake.

Mbwa mmoja wa pale kijijini, aliyekuwa amelala zake kwenye majani, aliinuka, akanusa upepo, akaja mbio.

"Eh!" alisema askari Willy, mtu wa tumbo kubwa na maneno mengi. "Lakini hii ni mawese!"

Mwingine akachota kwa kidole, akaramba. "Mawese kabisa! Bandugu, kunabakia paka sombe!" alisema, akimaanisha kimebaki kisamvu tu.

Wakacheka. Walicheka vile watu wanavyocheka wakiwa na hofu ya mlima ulio juu yao, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Hata Komanda alicheka. Anastasie naye, Mungu amsamehe, midomo ilimcheza.

Halafu Komanda akaacha kucheka, peke yake, na wengine wakabaki na kicheko mdomoni hawajui pa kukitemea.

"Nani njo anakamulaka mawese ku Baraka?"

Aliyeramba akafuta kidole kwenye suruali.

"Minauliza. Nani?"

"Bamama ni bengi, komanda," alisema Willy polepole, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona mahali neno linapokwenda. "Lakini... ule wa kwanza ni huyu. Mama Solange. Bibi ya fundi."

Bastola ikatoka magotini kwa Placide. Ikageuka. Ikatazama kapu la muhogo, kisha ikashuka mpaka usoni kwa Anastasie.

"Mama mukwe," alisema Komanda, "unapikia gari yangu?"

Kapu lilianguka. Muhogo ukabingirika barabarani.

"Komanda, mi sijuwe! Mi nakamuliaka batu ba kula!"

"Bwana anatengeneza gari, bibi anatoa mafuta. Mafuta inaganda ku baridi, gari inakufa mu kona, na barafiki benu bako juu na bunduki. Ni kazi ya muzuri. Munafanyaka kama familia."

Sasa aliyesogea mbele alikuwa Casimir.

Casimir alikuwa mdogo wake Anastasie, tumbo moja, na ndiye aliyeshika depo ya Komanda, ghala la mafuta. Ufunguo wa depo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi wa viatu. Desturi ya Komanda ilikuwa hivi: fundi asiguse mafuta. Fundi anatengeneza, mtu wa depo ndiye anayekuja na bido, dumu la mafuta, anatia mwenyewe, anafunga bushoni, anaondoka na bido lake. Komanda alisema mafundi wote ni wezi, na watu wa depo pia ni wezi, lakini wakigawana kazi wizi unakuwa mgumu.

Anastasie alipomwona mdogo wake anajongea, moyo ulimtulia. Huyu atasema. Huyu ni damu.

"Komanda," alisema Casimir, akitazama chini, "mi nilitia mafuta ya muzuri. Ya depo. Kama iko mawese, fundi alichomoa yangu nyuma, akatia ya bibi yake."

Anastasie alidhani hakusikia vizuri.

"Casimir?"

"Mi nasema kile najua, yaya," alimjibu dada yake.

"Casimir, ni mimi unasema? Mimi nilikubeba ku mugongo!"

Casimir alikuwa anang'ata ule uzi wa ufunguo kama mtoto.

Upepo wa asubuhi ukageuka, ukaleta harufu ya lile bonge jekundu kwenye tope. Na hapo ndipo Anastasie aliposahau bastola. Maana haikuwa harufu ya mawese tu. Ndani yake kulikuwa na harufu nyingine, nyembamba, tamu, ya chai ya mgonjwa.

Akapiga magoti kwenye tope. Akaingiza vidole katika lile bonge, akatafuta, kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki. Akakuta alichokuwa anaomba asikikute: kipande cha jani la mchaichai, limefungwa fundo.

Lile fundo alilifunga mwenyewe.

Ilikuwa kwa ajili ya kutoa matanga ya baba yao. Marehemu alipenda mawese yaliyotiwa majani ya mchaichai wakati bado yanachemka, na mama yao, Mama Adolphine, ndiye aliyewafundisha kuyafunga fundo ili yasitawanyike. Anastasie hayauzi mawese ya namna hiyo. Aliyapika mara moja tu mwaka ule, kwa jina la baba yake. Casimir alikuja mwenyewe, akabeba lile bido kubwa begani, akasema, "Lete yaya, ni muzito, mi nitafikisha."

Na siku ya matanga, watu wa Baraka nzima walikula sombe kavu. Kavu kama majani ya kufungia. Wanawake walisonyana. Walisema binti mkubwa, mkamuaji wa mawese, amemnyima baba yake mafuta hata kaburini. Mama Adolphine alifunika uso kwa kitenge. Casimir alisema bido lilitoboka njiani, na Anastasie akamwamini, akaibeba ile aibu miezi yote ile, sokoni, kanisani, kwenye maji, kila mahali akisikia watu wananyamaza akipita.

Kumbe baba yao alinyimwa na pon ya jipu.

"Casimir," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo sana. "Ni ile ya baba."

Casimir alifumba macho.

"Unasema nini?" aliuliza Komanda. "Sema kwa nguvu!"

"Ni mimi, komanda."

Hakuwa Anastasie aliyesema. Alikuwa Placide. Alikuwa ametambaa, ametoka chini ya jipu, ameketi kwenye tope, mikono yake myekundu hadi viwiko.

"Ni mimi nilitia. Bibi yangu hajuwe kitu. Shemeki hajuwe kitu. Peke yangu."

"Placide!"

"Nyamaza, mama Solange."

"Unasema bongo! Juu ya nini unasema bongo?" Alimjua mume wake; huo ulikuwa uongo.

"Minakuambia nyamaza." Alimtazama mke wake jicho kavu, jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo tangu waoane. "Mara moja tu mu maisha yako. Nyamaza."

Komanda alimwonyesha Willy njia ya juu, kwenye majani, penye ile kofia. "Mupeleke kule. Nataka mudogo wangu aone."

Niambieni ninyi mliolala na mume miaka mingi: mngenyamaza?

Anastasie alisimama na lile jani mkononi. Yote yalitoka mara moja, bila mpangilio. Alisema mawese haya si ya kuuza. Alisema fundo hili amelifunga yeye, kwa matanga ya baba. Alisema bido alilikabidhi mkononi mwa Casimir, mama yao anatazama. Alisema Placide hakuligusa hata siku moja. Alisema aulizwe mtu yeyote wa Baraka kama siku ile mawese yalionekana kwenye sahani.

"Mi nilikuwako," alisema Willy ghafla.

Komanda akageuka.

"Ku ile matanga, komanda. Nilienda kula. Eh, ile sombe! Ilikuwa kavu, ilinikwama hapa. Tulimuchekaka huyu mama njia yote mupaka ku kambi." Alijikuna shingo, akamtazama Anastasie kwa namna ya kuomba radhi. "Kumbe mafuta yetu ilikuwa inatembea na gari."

Hivyo ndivyo ulafi wa Willy ulivyomwokoa Placide. Askari walimwachia yeye, wakamrukia Casimir. Walimfunga mikono kwa uzi wake mwenyewe wa ufunguo, na uliposhindwa kufika, wakaongeza mkanda. Casimir hakupigana. Hakupiga hata kelele. Alikuwa anamtazama dada yake kama mtu aliyeona nyumba inaungua na mwenye nyumba ndiye ameshika kibiriti.

Anastasie alimkimbilia mume wake, akaanza kumfuta tope kifuani kwa kitenge.

"Umepona. Yesu, umepona."

Placide aliongea taratibu, kwa Kibembe, ili askari wasishike neno.

"Ulifikiri sikujua? Nilifungua ile pon mara ya kwanza, nikaona mawese, nikaona jani. Nilijua ni Casimir. Nilimfuata, nikamshika shingo."

"Na hukuniambia?"

"Moteri ya Yunusu ilikuwa imekufa. Kule chini, kwenye maji, ina meno madogo kama haya ya gari, na inakunywa mafuta haya haya. Baraka nzima hayakuwako isipokuwa depo ya huyu mtu. Yunusu alisema: nileteeni mafuta, nitamvusha mtoto."

Mkono wa Anastasie ulisimama kifuani kwa mume wake.

"Casimir alitoa mafuta ya Komanda, akampa Yunusu. Ikabaki pon, iliyokuwa imemwagwa mafuta ya zamani, haina kitu, na Komanda anataka gari kesho yake. Akatia alichokuwa nacho. Alikuwa na bido la baba. Hakujua kwamba huku juu yanaganda. Na siku nilipojua mimi, askari walikuwa wamekwisha kufa. Kuyatoa ningeweza. Kutia mengine sikuwa nayo, na depo ilikuwa tupu. Ningesema nini, na kwa nani?"

"Mngeniambia mimi!"

"Kwa sababu ya kinywa chako, Anastasie. Sisi wawili tulikubaliana. Kwa sababu ya kinywa chako hicho."

Yeye alikuwa anaamini, miezi yote, kwamba mzee Yunusu alimvusha Solange bure kwa heshima ya marehemu baba yake. Alimshonea hata kofia ya kuswalia.

"Sasa wewe, mutu ya depo," ilisikika sauti ya Komanda nyuma yao, pole, karibu ya upole. "Mawese ni ya baba yako. Sawa. Lakini mafuta yangu, ile ya muzuri, ilienda wapi?"

Casimir aliinamisha kichwa. Kitako cha bunduki kikampata mbavuni. Akaanguka kwa magoti.

"Wapi?"

Kitako tena. Damu ikamtoka puani, ikachanganyika na ile rangi nyingine kwenye tope, na yule mbwa akaja kunusa, akafukuzwa kwa teke.

Casimir aliinua uso. Midomo ilikuwa inatetemeka. Anastasie aliona kwamba mdogo wake hawezi kuvumilia cha tatu. Alimlea, alimjua. Hata udogoni, alipopigwa, alisema kila kitu, hata ambacho hakukifanya. Ile midomo ikifunguka tu, itakuwa moteri, itakuwa Yunusu, itakuwa Solange.

"Iko kwangu!" alipaza Anastasie.

Placide akashika kichwa.

"Mafuta iko kwangu nyumbani, komanda. Casimir aliniletea nimufichie. Alikuwa anatafuta mutu wa kumuuzishia, hajapata. Iko nzima, mu bido. Iko chini ya kitanda yangu. Twende, nitakuonyesha."

Komanda alimsogelea. Alimtazama jicho moja, kisha la pili, kama mtu anayechagua yai sokoni.

"Saa ile ulikuwa hujuwe kitu."

"Nilikuwa naficha mudogo wangu."

"Na saa hii?"

"Saa hii amenisemea bongo mbele yako."

Jibu hilo Komanda alilielewa. Chuki ya ndugu kwa ndugu ilikuwa kitu alichokiona kila siku, hakikumshangaza. Akarudisha bastola mahali pake.

"Sawa. Tunashuka Baraka. Kama mafuta iko, tutasema mambo mengine. Kama haiko..." Akawaonyesha kwa kidevu, mmoja mmoja: mke, mume, mdogo wa mke. "Fundi! Gari inaweza kushuka?"

"Meno haijavunjika," alisema Placide bila kuinua kichwa. "Mawese ikiyeyuka, itashuka. Polepole."

Basi waliwasha moto kando ya barabara kwa kuni za mvua. Willy alitoa sufuria ya kambi. Na ni Anastasie aliyeokota yale mabonge kwenye tope kwa mikono yake, akatoa mchanga, akatoa manyoya ya mbwa, akayayeyusha. Yalipopata moto, harufu ya mchaichai ilijaa kona nzima, ikapanda mpaka kwenye ile kofia. Askari mmoja akasema ana njaa. Placide alimimina kwa mpira, polepole, mpaka pon ikajaa, akafunga bushoni.

Walipandishwa nyuma, watatu kwa pamoja, Casimir katikati na mikono yake mgongoni. Jipu likawaka. Magurudumu yakazunguka bila kulia. Lilishuka vizuri ajabu, laini, kama gari la harusi, na kadiri lilivyoshuka, ndivyo joto la ziwa lilivyopanda kuwalaki, na mawese ya marehemu yakazidi kuwa mepesi, na gari likazidi kukimbia.

Anastasie aliomba likwame. Aliomba kwa Yesu na kwa baba yake. Halikukwama.

"Yaya," alinong'ona Casimir. Pua yake ilikuwa imevimba. "Chini ya kitanda yako kuko kweli bido?"

"Hapana."

"Kuko nini?"

Alikuwa anataka kumjibu kwamba hakuna kitu, ni mkeka na vumbi tu. Lakini aliiona ile asubuhi ya kuondoka kwa Solange, giza bado, binti amesimama mlangoni miguu mitupu, anasema, "Mama, sivuke ziwa na bintu bya ule mutu." Na yeye mwenyewe, Anastasie, alivisukuma kwa mguu chini ya kitanda, mbali, mpaka ukutani, vya rangi ya maziwa, vina kisigino, na kifungo cha dhahabu pembeni.

Vile viatu Komanda alivyovinunua kwa mkono wake, na ambavyo leo asubuhi aliambiwa havitoki miguuni mwa Solange.

Mbele, ziwa lilianza kuonekana, na dereva akaongeza mwendo.